Kulinda Mashine ya Kuitia Wanyama Dhidi ya Mvua: Mwongozo Kamili kwa Mwindaji

Mashine ya kuitia wanyama ni spika yenye betri, hifadhi ya sauti zilizorekodiwa, na rimoti ya kuiendesha kutoka mbali. Mwindaji wa koyote, mnyama wa Amerika anayefanana na mbweha, katika nyanda za Kansas au vilima vya Pennsylvania huiweka mita 30 hadi 50 kutoka mahali alipojificha, kisha hucheza sauti ya sungura anayelia kwa uchungu, ili mnyama anayekuja aikazie macho mashine badala ya kumtambua mtu. Watafiti wa simba na fisi wa Maasai Mara na Serengeti hutumia njia hiyohiyo wanapohesabu wanyama: spika juu ya gari, na sauti ya ndama wa nyati aliyekamatwa. Kwa hiyo hata Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, vyombo vya namna hii vipo, na hunyeshewa kama vingine.

Kabla ya kununua kifaa, mwindaji ahakikishe kuwa sheria ya mahali anapowinda inakiruhusu. Nchini Marekani kila jimbo lina kanuni zake kuhusu wanyama, na sheria ya shirikisho inakataza sauti za kurekodiwa katika kuwinda ndege wanaohama, isipokuwa katika hali maalumu kama ile ruhusa ya kupunguza bata bukini weupe iliyoanza mwaka 1999. Mwongozo huu unamhusu yule ambaye tayari ana kibali mkononi na mawingu juu ya kichwa.

Maji huingilia wapi

Watu wengi hudhani adui ni tone linaloanguka kutoka juu, hivyo hutia mashine nzima ndani ya mfuko wa nailoni na kuufunga. Dawa hiyo huleta madhara mawili: huziba mdomo wa spika, na hufungia ndani unyevu ambao tayari umo. Kinachohitajika ni paa lililo wazi pande zake, pamoja na njia ya maji kutoka na hewa kupita. Mambo mengine yote yaliyomo katika mwongozo huu yanatokana na kanuni hiyo.

Mlango wa kwanza wa maji ni honi ya spika, yaani mdomo wake uliopanuka kama faneli. Honi iliyoelekezwa juu, hata kwa mwinamo mdogo, hukusanya mvua na kuipeleka moja kwa moja kwenye kiwambo kinachotoa sauti. Mlango wa pili ni kifuniko cha betri, ambacho hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kiasi kwamba mpira wake huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine yoyote. Kisha kuna matundu ya chaja, ya kadi ya kumbukumbu na ya spika ya ziada, ambayo kwa kawaida huwa na vizibo vidogo vya mpira vinavyosahaulika vikiwa wazi.

Mlango wa nne hauonekani, nao ndio unaowashangaza wengi. Mashine iliyokaa ndani ya gari lenye joto la nyuzi 25 ikitolewa ghafla kwenye mvua ya nyuzi 5, hewa iliyomo ndani yake hupoa na kusinyaa, na shinikizo hushuka kwa karibu asilimia 7. Kama kuna tone la maji limetua juu ya ukingo wa mpira wakati huo, mashine hulifyonza ndani. Ndiyo maana kifaa ambacho hakikuvuja kwa mvua ya saa nzima nyumbani huweza kukutwa na maji katika dakika chache za kwanza porini. Tiba yake ni rahisi: iache mashine nyuma ya gari kusiko na kipasha joto, au itoe chini ya mlango wa nyuma uliofunguliwa, uiache ipoe kwa robo saa mahali pakavu kabla ya kuipeleka kwenye mvua.

Kusoma daraja la kinga

Ukitazama karatasi ya maelezo ya mashine, huenda ukakuta herufi IP, alama ya daraja la kinga, zikifuatwa na tarakimu mbili, au na X na tarakimu moja. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayohusu maji. Tarakimu 3 humaanisha mnyunyizo unaoanguka wima au kwa mlalo usiozidi nyuzi 60 kutoka wima. 4 ni maji ya kurushwa kutoka kila upande. 5 ni mkondo wa bomba la lita 12.5 kwa dakika. Na 7 ni kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa mvua ya kawaida isiyo na dhoruba, daraja la 4 linatosha kabisa. Ukikuta hakuna daraja lililoandikwa, chukulia kuwa hakuna kinga, hata kama tangazo linasema chombo kimetengenezwa kustahimili hali zote za hewa.

Madaraja hayo yana mtego. Chombo kilichopimwa kwa kuzamishwa hakijapimwa kwa mkondo wa bomba, isipokuwa kama alama zote mbili zimeandikwa, na mvua inayosukumwa na upepo mkali hufanana zaidi na bomba kuliko na ndoo. Zaidi ya hayo, vipimo hufanywa kwa chombo kipya na maji safi. Mashine yenye miaka mitatu, iliyojaa vumbi kwenye kingo za mpira, haina tena haki ya kudai daraja lake la zamani.

Jaribio la nyumbani

Ondoa betri zote na uhakikishe mashine imezimwa. Katika chumba cha betri weka karatasi ya chooni iliyokunjwa, ukiitia nukta kadhaa za kalamu ya wino unaoyeyuka kwa maji, na weka vipande vidogo vya karatasi hiyo katika kila tundu lenye kizibo. Funga kila kitu kama unavyofunga siku ya kuwinda, si kwa uangalifu wa ziada, kwa sababu unachopima ni desturi yako pamoja na mpira. Simamisha mashine katika mkao wake wa kazini, kisha inyunyizie maji kwa kopo la kumwagilia bustani kwa dakika 10, ukizunguka pande zote. Ikaushe nje kwa kitambaa kabla ya kufungua, la sivyo matone ya juu yataingia ndani na kukudanganya. Nukta za wino zilizosambaa zitakuonyesha upande gani maji yalikopita.

Jaribio hili lifanywe kabla ya msimu kuanza, na lirudiwe kila mara mashine inapoanguka, kwa kuwa ufa mdogo wa plastiki hauonekani kwa macho.

Mipira, grisi na betri

Safisha kingo zote za mpira kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilichotiwa maji kidogo, uache zikauke, kisha uzipake grisi ya silikoni kwa ncha ya kidole hadi mpira ung'ae bila grisi kuonekana. Kazi ya grisi ni kuufanya mpira uwe laini na ukae vizuri kwenye mfereji wake. Ikizidi hukusanya mchanga, na punje moja ya mchanga inatosha kuacha njia ya maji. Epuka mafuta ya mgando yanayotokana na petroli, maana baadhi ya aina za mpira huvimba na kulegea zinapoguswa nayo.

Kwenye vyuma vya kushikia betri, kwanza ondoa kutu au ukoga wowote. Ukoga mweupe uliotokana na betri za alkali zilizovuja hutoka kwa pamba iliyochovywa katika siki, kisha spiriti ya kusafishia, halafu kukaushwa. Baada ya hapo paka utando mwembamba mno wa grisi ileile. Grisi hiyo haipitishi umeme, lakini chuma cha betri kinapokaza huisukuma kando pale panapogusana na kuiacha ikilinda pembezoni.

Kuhusu betri zenyewe, kumbuka kwamba mvua ya msimu wa kuwinda koyote mara nyingi huja pamoja na baridi. Betri za alkali hupoteza nguvu haraka katika baridi. Zile za lithiamu zisizochajiwa tena zinaendelea kufanya kazi hata kwenye baridi kali sana, nazo ni nyepesi. Hilo lina umuhimu wa pekee siku ya mvua, kwa sababu kishindo cha matone kwenye majani humlazimisha mwindaji kuongeza sauti, na sauti ikiongezwa betri huisha mapema. Betri za akiba zibebwe ndani ya kopo lenye kifuniko, na zibadilishwe ndani ya gari au chini ya turubai, kamwe si juu ya goti huku mvua ikinyesha.

Wapo wanaofungua mashine na kupulizia ubao wa saketi dawa ya plastiki inayozuia unyevu. Dawa hiyo hufanya kazi kweli, na viwanda huitumia. Hata hivyo, kwa mtu asiye fundi ninaona hasara ni kubwa kuliko faida: dhamana hupotea, na dawa ikifika kwenye swichi, kwenye soketi au kwenye kiwambo cha spika, utakuwa umeiharibu mashine ili kuikinga.

Kutengeneza paa

Kifaa bora nilichokiona kwa kazi hii hakiuzwi dukani. Chukua dumu la plastiki la lita 5 lililokwisha kazi, likate kwa urefu ili upate nusu iliyopinda, na ulainishe kingo kwa msasa. Nusu hiyo iwe pana kuliko mashine kwa vidole vitatu kila upande, na mbele ijitokeze sentimita 10 kupita mdomo wa honi. Kama dumu ni dogo, tumia karatasi ngumu ya plastiki yenye mifereji ndani, ile inayotumiwa kwa mabango ya barabarani. Hiyo hukunjwa kwa urahisi na haina uzito.

Paa lisilale juu ya mashine. Gundisha vipande vya sponji ngumu isiyonywa maji kwenye pembe nne za ndani, ili kati ya paa na mashine kubaki nafasi ya vidole viwili ambamo hewa inapita. Lifunge kwa kamba ya mpira inayozunguka chini, na uliinamishe kidogo kuelekea nyuma ili maji yamwagike mbali na honi. Hakikisha kwamba halifuniki antena kwa kitu chochote cha bati au karatasi ya alumini, kwani chuma hukata mawimbi ya rimoti.

Kasoro moja ya paa la plastiki ni kelele. Matone yakipiga plastiki iliyokaza hutoa mlio kama ngoma ndogo, na mlio huo, unaotoka palepale ambapo sungura anadaiwa kulia, haufanani na kitu chochote cha porini. Gundisha juu ya paa kipande cha taulo kuukuu au zulia jembamba lenye rangi ya udongo. Kitanyamazisha matone na wakati huohuo kitaficha mng'ao wa plastiki iliyolowa, ambao wanyama huuona hata siku isiyo na jua. Kitambaa kisifike ukingo wa mbele, kwa kuwa kikishiba maji kitayadondosha mbele ya honi.

Ama mdomo wa honi wenyewe, uache wazi. Utando wowote mzito mbele yake hupunguza sauti za juu zaidi ya sauti za chini, na kilio cha sungura au cha panya kimejengwa kwa sauti za juu. Ikiwa mvua ni ya upepo na huna budi kuweka kizuizi, tumia kitambaa chepesi cha kufunikia spika za nyumbani, kilichopuliziwa dawa ya kufukuza maji ya aina inayotumiwa kwenye mahema, na ukivute kiasi kisitetemeke. Kisha linganisha sauti ikiwa na kitambaa na bila kitambaa ukiwa umesimama mita 50. Sikio lako litakuambia kama kitambaa kimeua sauti.

Kuiweka porini

Mashine ibebwe ndani ya mfuko usiopenya maji wakati wa kutembea, na itolewe tu inapofika mahali pake. Isiwekwe juu ya ardhi. Matone mazito yanapogonga udongo hurusha tope juu, na tope ndilo linaloziba matundu na kukwaruza mipira. Mashine nyingi zina tundu la skrubu la kufungia kwenye mguu-tatu mdogo wa kamera. Urefu wa nusu mita unatosha kuiepusha na tope, na pia huyasaidia mawimbi ya rimoti kufika vizuri kwa kuwa hayapiti tena katikati ya nyasi zilizolowa. Kuitundika kwenye tawi kunafaa pia, mradi isiwe chini ya tawi kubwa lenye majani, kwa sababu mti huendelea kudondosha matone makubwa hata mvua ikishakatika.

Elekeza mgongo wa mashine kwenye upepo, na honi iangalie upepo unakokwenda, ikiwa imeinama kidogo chini. Mkao huu una faida mbili kwa mpigo: mvua hupiga nyuma ya paa badala ya kuingia mdomoni, na sauti husafiri na upepo kuelekea upande ambao koyote, kwa tabia yake ya kuzunguka ili anuse kabla ya kukaribia, ana uwezekano mkubwa wa kutokea. Mwindaji mwenyewe akae pembeni, mahali anapouona upande huo wa chini ya upepo bila harufu yake kuufikia.

Kama una chambo cha umeme kinachotikisa manyoya, ni afadhali ukiache nyumbani siku ya mvua kubwa. Injini yake ndogo huwa haina kinga, na manyoya yaliyolowa hayatikisiki.

Sauti ikianza kukwaruza au kugugumia, usiongeze nguvu. Huenda maji yamefika kwenye kiwambo, na kukilazimisha kutetemeka kikiwa na mzigo wa maji kunaweza kukiharibu. Zima, geuza honi itazame chini, tikisa taratibu, na usubiri. Na radi ikisikika, kazi imekwisha: mtu aliyesimama mlimani na bunduki hana sababu ya kuendelea.

Rimoti

Rimoti huharibika mara nyingi zaidi kuliko mashine, kwa kuwa hushikwa kwa mikono iliyolowa na kutiwa mfuko wenye maji. Iweke ndani ya mfuko mwangavu wenye zipu ya plastiki, ule wa kuhifadhia chakula, utoe hewa ya ziada, na ubonyeze vitufe juu ya plastiki. Tia humo kifuko kimoja cha jeli ya silika, punje zinazofyonza unyevu. Usiivae ndani ya koti karibu na mwili, maana jasho lina unyevu wa kutosha kuleta ukungu kwenye kioo chake. Mfuko wa nje wenye kifuniko unafaa zaidi. Jaribu umbali wake kabla ya kukaa, kwa sababu vichaka vilivyolowa hupunguza mawimbi, hasa yale ya gigahezi 2.4.

Nyaya katika mashamba ya bata bukini

Wawindaji wa bata bukini weupe katika Missouri, Arkansas au South Dakota wana shida ya ziada, kwani huunganisha spika kadhaa kwa kikuza sauti kimoja na betri ya volti 12, vyote vikiwa katika shamba lililogeuka tope la masika. Hapa spika zenyewe ni tatizo dogo. Viungo vya nyaya ndivyo vinavyoua mfumo. Kila kiungo kiinuliwe juu ya tope kwa kijiti, kipakwe grisi ya silikoni, na kivalishwe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Kikuza sauti na betri vikae ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, na nyaya ziingie kupitia matundu ya ubavuni, si ya juu.

Kabla ya kila waya kuingia sandukuni, uache ulegee na kushuka chini ya usawa wa tundu ndipo upande tena, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke kwenye sehemu ya chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Toboa tundu dogo la milimita 5 kwenye sakafu ya sanduku na uliinue sanduku juu ya matofali mawili. Usisahau fyuzi karibu kabisa na betri: waya zinapogusana ndani ya maji na tope, betri ya volti 12 ina nguvu ya kuyeyusha kava lake.

Baada ya kurudi

Futa mashine kabla ya kufungua chochote. Kisha toa betri, fungua vizibo vyote, na uiache mahali penye hewa, mbele ya feni, usiku kucha. Kosa linaloharibu mashine nyingi ni kuirudisha moja kwa moja ndani ya sanduku lake la sponji, kwa sababu sponji hunywa maji na kuyatunza, na mashine hubaki katika mvuke kwa wiki nzima hadi safari nyingine. Sponji nayo itolewe na kuanikwa. Usichaji kabla ya tundu la chaja kukauka kabisa, wala usichaji betri za lithiamu za aina inayochajiwa tena zikiwa bado na baridi chini ya nyuzi 0.

Vifuko vya jeli ya silika vinasaidia katika sanduku lililofungwa, lakini hushiba. Chagua jeli inayobadilika rangi kutoka chungwa hadi kijani, ili ujue ni lini inahitaji kukaushwa tena katika jiko la oveni. Ile ya buluu ina kemikali ya kobalti na haifai kuwa karibu na watoto.

Mashine ikiloa ndani

Zima na utoe betri mara moja. Usiiwashe ili kuona kama bado inafanya kazi; maji peke yake hayafanyi uharibifu mkubwa kwa haraka, ila maji pamoja na umeme hula vyuma vya saketi ndani ya muda mfupi. Kama imeanguka mtoni au kwenye tope, na unaweza kuifungua, suuza ubao wa saketi kwa maji yaliyotoneshwa (maji safi yatokanayo na mvuke uliopozwa), kisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukiepuka kuimwaga kwenye kiwambo cha spika. Iache wazi mbele ya feni kwa siku mbili, katika chumba chenye joto la kawaida. Kikausha nywele kilichowekwa kwenye moto mkali hupinda plastiki na kulegeza gundi.

Mchele, ambao kila mtu huushauri, uache jikoni. Haufyonzi unyevu kwa kasi kuliko hewa inayopita, na unga wake huingia kwenye matundu na kugeuka gundi.

Betri ya lithiamu iliyokaa ndani ya maji, au iliyovimba hata kidogo, isirudishwe wala kuchajiwa. Ipelekwe mahali pa kukusanyia betri mbovu. Baada ya siku hizo mbili, weka betri nyingine na ucheze sauti kwa kiwango cha chini. Ikiwa rimoti inashika na taa zinawaka lakini sauti inakwaruza, saketi imepona na kiwambo ndicho kilichoharibika. Katika spika nyingi za honi sehemu hiyo ya nyuma hufunguliwa kwa kuzungushwa au kwa skrubu chache, na hubadilishwa bila kununua mashine mpya. Unachotakiwa kulinganisha ni kipimo cha uzi wa skrubu, ukinzani wa omu ulioandikwa mgongoni mwake, na wati zake.